Mwinyihaji Achagua Darubini

Mume wangu Mwinyihaji hanunui kitu. Yeye huchagua. Jokofu letu lilichaguliwa tangu Ramadhani moja hadi ya pili, na mwaka mzima ule nilikuwa nikipeleka samaki wangu kwa jirani kama mtu asiye na kwao. Mimi mwenyewe nilichaguliwa kwa miaka miwili, mpaka mamangu akaanza kutaja majina ya wanaume wengine kwa sauti, makusudi, ili asikie. Alifanya kazi bandarini miaka thelathini na mmoja akihakiki namba za makontena: asome ubavuni, asome kwenye karatasi, kisha arudi asome tena ubavuni. Kazi ile ilimfaa. Balaa ni kwamba alipostaafu aliileta nyumbani, hapa Magogoni ya Kisauni, Mombasa, na tangu siku hiyo hata kitunguu hakiingii mlangoni bila kugeuzwageuzwa.

Mimi nilifundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka ishirini na minane. Kila mwaka nilichora sayari ya Zohali ubaoni kwa chaki, duara na pete yake, mpaka mkono ukazoea kuchora wenyewe. Lakini pete hizo sikuwahi kuziona. Kwa macho matupu Zohali ni kinukta kinachong'aa tu, kama nyota yoyote. Nilijiambia nikistaafu nitazitafuta, na nilipostaafu ikanijia presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki katikati tu, na daktari alinieleza wazi kwamba matone yanachelewesha, hayarudishi. Kilicho mbele yangu sawasawa nakiona. Kikisogea pembeni kidogo kimepotea, na kukitafuta siwezi. Ni kama kuchungulia sebule kwa tundu la kitasa.

Tulipotoka kwa daktari, mwezi wa pili, nilimwambia Mwinyihaji, "Nataka nizione pete za Zohali kabla jicho hili halijafunga."

Akanishika mkono tukavuka barabara. Tulipofika ng'ambo akasema, "Inshallah. Nitachagua darubini."

Mwezi wa tatu ukapita akisoma. Mwezi wa nne akasoma. Binti yetu Sabah, anayekaa Mtopanga, alimnunulia bando za simu mpaka akachoka. Mwinyihaji alikuwa akijua maoni ya watu wa Texas na wa Ujerumani kuhusu darubini ambazo hakuna mtu wa Kisauni aliyewahi kuzigusa. Tukila, yeye anaeleza. Ya lenzi ni nyepesi lakini kioo chake ni kidogo. Ya kioo kikubwa inakusanya mwanga zaidi lakini ni nzito, na itapandishwa vipi darini, juu ya paa? Ya mkono haina cha kuharibika. Ya kompyuta inazitafuta nyota yenyewe, lakini je, chumvi ya hewa yetu haitaila? Wali unapoa, na mimi nasikiliza, huku herufi za gazeti zinanikatikia mstari baada ya mstari. Nilikasirika, nasema kweli. Zipo siku nilitamani kumpiga na mwiko.

"Mwinyihaji," nilimwambia mwezi wa sita, "jicho langu halisomi maoni ya Wajerumani. Linafunga."

"Najua, mke wangu. Ndiyo maana sitaki tukosee."

Mtu akikujibu hivyo utamfanya nini?

Mwezi wa tisa alimpata Kyalo, Mkamba mmoja wa makamo anayefanya kazi hotelini Shanzu, ambaye jioni huwaonyesha wageni nyota ufukweni. Kyalo alikuwa na darubini mbili za kuuza, zilizoachwa na Wazungu waliohama. Alikuja kwanza na ile ya mkono. Tukapanda darini baada ya magharibi, mimi nikiwa katikati yao kama bibi harusi, Kyalo akaielekeza kwa Zohali, akaniita. Nilipoinamisha kichwa na kulikalisha jicho langu pale linapoona, hapakuwa na kitu. Akairudisha. Nikainama tena, nikaona mwanga unapita ukingoni, ukaenda zake. Mara ya sita nilikaa chini nikasema basi.

"Mama, si makosa yako," Kyalo alisema. "Dunia ndio inazunguka. Hii ya mkono inataka mtu wa kuisukuma kidogo kidogo, na macho ya kufuata. Ile ingine iko na kompyuta na mota. Ikishashika kitu inakifuata yenyewe, hata ukikaa hapo nusu saa, kiko tu katikati."

Katikati. Neno hilo ndilo nililokuwa nikilingoja tangu mwezi wa pili. Nikasema, "Tunaitaka hiyo."

Mwinyihaji akasema, "Tuijaribu kwanza."

Kyalo aliileta mwezi wa kumi, siku ya Jumamosi, na alikuwa muungwana kupita kiasi. Akamwachia Mwinyihaji wiki nzima aijaribu, kwa sharti moja. Kuna mtu wa Nyali aliyekuwa akimpigia simu kila siku kuitaka. Ijumaa baada ya sala Kyalo atapita. Tukiitaka, tuseme. Tusipoitaka, inakwenda Nyali siku hiyo hiyo.

Jumapili na Jumatatu ilikuwa mawingu. Jumanne Mwinyihaji alipanda peke yake. Mimi ngazi zetu siziwezi ila kwa shida, maana hazina kizuizi upande wa nje, na alisema ataniita ikishakuwa tayari. Nilikaa chini nimevaa buibui kabisa, kama mtu anayesubiri teksi. Aliposhuka uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Inasema Zohali haijachomoza."

"Na wewe waiona?"

"Iko pale! Juu ya tangi la maji la jirani Zuleikha, yang'aa kama taa. Naiambia iende, inaniambia iko chini ya upeo wa macho. Chini! Nami naitazama!"

Jumatano vilevile. Safari hii mashine iligeuka yenyewe ikatafuta nyota ambayo haikuwepo, kisha ikagoma. Alisoma kitabu cha maelekezo mpaka usingizi ukamchukua nacho kifuani. Alhamisi alipanda tena, na baada ya isha nikamsikia anashuka kwa hatua za mtu aliyekwisha kuamua.

"Kyalo na aichukue," alisema. "Mashine haina akili. Lakini usijali, nimeona nyingine, iko Dubai. Tutaanza upya, polepole."

Polepole! Miezi minane mtu huyu alikuwa amechagua, na jicho langu limechagua pia, limechagua kufa. Niliinuka nikapapasa ukuta nikaanza kupanda ngazi.

"We Mwanasaumu! Utaanguka!"

"Na nianguke! Nikifika juu ndipo nianguke!"

Alinifuata nyuma, mikono yake imetangulia kunidaka, akinitajia kila kipandio. Juu kulikuwa na upepo, na harufu ya mkaa kutoka uani kwa Zuleikha. Nikapapasa mpaka nikaipata darubini, chuma baridi juu ya miguu mitatu, na pembeni ikining'inia rimoti yake yenye vitufe.

"Izime," nikasema. "Iwashe upya. Kila unachoiambia, kisome kwa sauti."

Nilitumia sauti ya darasani. Alitii.

"Inauliza mahali. Mombasa."

"Sawa."

"Tarehe. Hapa Wamarekani huanza na mwezi, ndipo siku. Nilisoma. Nimeihakiki mara tatu."

"Sawa."

"Saa. Moja, arubaini na tano. Inauliza asubuhi au baada ya mchana. Baada ya mchana."

"Hiyo moja na arubaini na tano umeitoa wapi?"

"Hapa!" Akanipigapiga begani kwa mkono wenye saa. "Saa mbili kasorobo."

Saa ya Mwinyihaji haifanani na saa za watu wengi. Ameitega kwa saa za Kiswahili, kama alivyofanya babake: jua likizama mshale unakaa kwenye kumi na mbili, na saa mbili unakaa kwenye mbili, si kwenye nane. Ni saa yake ya sala. Bandarini alifuata saa ya ukutani, na kwa simu hajatazama wakati hata siku moja. Simu kwake ni ya kusoma maoni.

"Mwinyihaji," nikasema, na nilijikaza sana nisipige kelele, "hiyo ni mashine ya Wamarekani, moja yao ni saa saba yetu. Umeiambia ni saa saba na robo tatu mchana. Jua la utosi! Zohali itoke wapi mchana? Siku tatu yakwambia kweli tupu, nawe waiita haina akili!"

Nilisikia tu upepo, na huko chini mtoto wa Zuleikha anasoma Kurani kwa haraka ili amalize.

"Kwa saa yao, saba, arubaini na tano," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Baada ya mchana."

"Haya. Iandike."

Mashine ikaunguruma. Ilijizungusha kidogo, ikajiinua, na Mwinyihaji akaisogeza kwa vitufe mpaka nyota ya kwanza ikakaa katikati. Kisha akabonyeza Zohali. Ikageuka polepole, yenyewe, ikasimama. Alichungulia mara moja tu, nikasikia pumzi yake inakatika, akaondoa kichwa upesi kana kwamba kutazama zaidi ni kuipunguza.

"Njoo. Kaa hapa."

Alinikalisha kwenye kigoda, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakielekeza kwenye kioo cha kutazamia. Kwanza giza. Nikasogea kulia, giza. Nikasogea kushoto unywele mmoja, na ikawa pale.

Ndogo. Ndogo kuliko punje ya mchele, rangi ya samli, na pete yake imeikumbatia, kando na kando, imechongeka safi kuliko pete yoyote niliyowahi kuchora kwa chaki. Nilingoja iondoke. Haikuondoka. Nilipepesa, nikafuta jicho, nikarudi, ikawa bado katikati, inaningoja mimi. Nilitaka kusema na sauti haikutoka, na machozi yakaanza kutoka macho yote mawili, lile linaloona na lile lililokwisha.

Mwinyihaji alingoja. Kisha akangoja zaidi. Kimya changu alikielewa vibaya, kwa sababu aliposema tena sauti yake ilikuwa inatetemeka kama ya mtu anayejitetea mbele ya hakimu.

"Si neno, mke wangu. Si neno. Pengine kioo ni kidogo kwa jicho lako. Ile ya Dubai ni ya inchi nane, inakusanya mwanga mara mbili. Nitaiagiza hata kesho. Na kama hiyo nayo haitoshi, ipo moja nyingine niliisoma, yatia picha kwenye kioo kikubwa kama cha televisheni, huna haja ya kuinama, nitakuletea hata chumbani, wewe lala tu..."

Nikanyoosha mkono nyuma, nikapapasa hewani mpaka nikaupata mdomo wake, nikaufunika.

"Nyamaza, Mwinyihaji," nikasema. "Naiona."