Mama Zaina anashonea nyumbani siku hizi

Leo mteja amenituma nimpelekee Mama Zaina kitambaa.

Mimi, fundi mwenzake.

Tulikuwa tunashona pamoja kwenye baraza la duka hapa Nyakabanda. Sasa yeye kahamishia cherehani kwake, mimi nimebaki na vumbi.

"Si unapita kwake jioni?" mteja akasema.

Nikapeleka.

Nimemkuta peku, kajifunga khanga, chai pembeni, maharage yanachemka, na cherehani inakwenda.

"Karibu dada. Pole na jua."

Pole na jua, eti.

Chai yake nikanywa. Tamu, kwa bahati mbaya.

Kufika kwangu, nikatoa futi, nikapima chumba. Mume wangu akauliza napima nini.

"Mahali pa cherehani."

Akafurahi.

Sijamwambia kwamba kitanda ndicho kinachotoka.

Nyinyi mngemwambiaje?