Keziah wa Rabai, Aliyewasifu Wenzake Mbele ya Wageni

Keziah Tobias alizaliwa Rabai, juu ya Mombasa, mwaka wa 1971, mtoto wa tatu wa fundi wa kuezeka aliyeitwa Tobias na mkewe Mirriam. Ukoo wao ulitokana na watu waliotekwa pande za Ziwa Nyasa, wakatembezwa kwa miguu hadi pwani, wakapakiwa kupelekwa Uarabuni, kisha wakakombolewa baharini kabla hawajafika. Kanisa liliwapokea. Walipewa ardhi, wakajenga, wakaoana, na wakaanza kuomba kwa Kiswahili kwa sababu kila mmoja alikuja na lugha yake. Hadi leo wako majirani wanaosema kizazi hicho kilikuja mikono mitupu. Keziah, alipokuwa mtu mzima, alizoea kuwajibu kwamba hawakuja mikono mitupu, walikuja wakiwa hai, na kwamba wengi walioanza nao safari hiyo hawakuweza kufanya hata hilo.

Nyumba ya Mirriam ilikuwa na desturi ambayo hakuna aliyewahi kuieleza. Mgeni akimsifu mtoto, mama alimshusha mtoto huyo palepale. "Mbona binti yako amekua vizuri hivi?" mgeni angesema. "Huyu? Mwili tu. Kichwani hamna kitu, na kifua kinamsumbua." Keziah hakuwa na ugonjwa wowote wa kifua. Alipotokea wa pili katika darasa la saba, mwalimu wake alifika nyumbani kutoa pongezi, na Mirriam akamwambia huenda mtoto alichungulia kwa jirani. Keziah alikuwa nyuma ya pazia akisikia. Jioni hiyo mama yake alimwekea kipande kikubwa cha samaki, akamkalia karibu mpaka akamaliza, wala hakusema neno. Mtoto hakujua ashike lipi kati ya hayo mawili, akashika lile lililosemwa kwa sauti. Alikua mpole, mchapakazi, mwimbaji mzuri aliyekataa kila mara kuongoza kwaya. Aliolewa, akafiwa na mume mapema, na mwaka wa 2008 akaamua kwenda Saudia kutafuta kazi za ndani. Baba yake mdogo alimcheka. "Bibi zetu waliokolewa wasifike huko, wewe unapanda ndege mwenyewe!" Keziah alicheka pia, akafunga sanduku.

Riyadh alipata nyumba ya heri. Kwa miaka sita alimtunza mwanamke mzee mtaani Malaz, aliyemfundisha Kiarabu safi na ambaye hakuruhusu mtu amfokee. Siku za Ijumaa alipopewa ruhusa alikwenda kwa Alfayo, dereva kutoka Maseno aliyeishi mtaa huohuo, ambako Wakenya wachache walisali kwa sauti ya chini, madirisha yamefungwa. Alfayo anakumbuka kwamba Mama Rabai, kama walivyomwita, alimimina chai na kuosha vikombe, na akiombwa kutoa ushuhuda alisema hana la kusema. Mwaka wa 2014 yule mzee alifariki. Watoto wake walimrudisha Keziah katika ofisi ya mawakala huko Al-Shumaisi ili atafutiwe kafili, yaani mwajiri mdhamini, mwingine. Hapo ndipo Mungu alipomwita.

Katika ofisi hiyo kulikuwa na chumba walimokaa wanawake waliorudishwa. Mwajiri alipokuja, walisimama wamepangana ukutani naye akawatazama. Miongoni mwao alikuwa Lorine, msichana wa Vihiga, aliyekuwa amerudishwa kutoka nyumba tatu. Kote alikopita alikuwa ameitwa "mafi mukh", yaani hana akili, hata akawa anaitika neno hilo kama jina. Siku moja alikuja madam mmoja kutoka Jeddah. Stacy, msichana wa Nairobi aliyewahi kufanya kazi kwake, alimtambua na kumnong'oneza Keziah, "Mama, hiyo nyumba ni mbaya. Mimi nilitoka huko na mkono umevunjika." Madam alipita mbele ya wote, akasimama kwa Lorine, akamshika kidevu. "Huyu ana nguvu," akasema. "Na uso mzuri." Kabla ya mtu yeyote kuvuta pumzi, Keziah alikwisha kusema kwa Kiarabu, "Hapana, madam. Huyu ni mgonjwa. Mvivu. Mafi mukh. Anakojoa kitandani." Madam akaachia kidevu kile kama mtu aliyeshika kitu cha moto, akaondoka. Wanawake walishikana kwa kicheko. "Aki Mama Rabai, wewe ni noma!" Stacy alisema. "Ati anakojoa!" Keziah naye alicheka, akiamini ameokoa mtu.

Lakini Lorine hakucheka. Alilala akiangalia ukuta, akaacha kula. Keziah alimweleza kwamba ulikuwa uongo wa kumlinda, Stacy akaapa kwamba Keziah anasema kweli, nyumba ile ni mbaya. Lorine aligeuka mara moja tu. "Haikukuchukua hata sekunde," alisema. "Mtu akidanganya huwa anafikiria kwanza. Wewe ulikuwa nayo mdomoni tayari." Keziah akamwambia kwamba yeye ni msichana mzuri, mwerevu. "Sasa unanisifu tukiwa sisi wawili," Lorine akajibu. "Kunitusi ulinitusi mbele ya watu." Kesho yake alikwenda kwa karani wa ofisi, akamwambia amwandikie nyumba ileile ya Jeddah. Alisema kama hafai, basi aende pasipofaa, hakuna kitakachoharibika. Karani alifurahi, akampigia madam simu kwamba msichana ni mzima na mwenyewe anataka. Madam akasema atakuja baada ya Ijumaa.

Mateso ya Keziah katika siku hizo yalikuwa makubwa kuliko yote aliyopata nchi ile. Aliona wazi kwamba dawa ya Lorine ilikuwa kusifiwa mbele ya watu, na kwamba akimsifu mbele ya watu atakuwa amemnadi kwa mwanamke aliyevunja mkono wa Stacy. Akampigia mama yake simu Rabai. Maneno yao aliyasimulia baadaye mara nyingi, naye hakuyabadilisha.

"Mama, wewe uliniona sina akili?"

"Nani kasema?"

"Wewe. Ulimwambia mwalimu nimechungulia."

"Ah. Hayo," Mirriam akasema. "Bibi yako alinifanyia mimi hivyohivyo, na yeye alifanyiwa. Wazee wetu walipokuwa mikononi mwa watu, mtoto mwenye nguvu ndiye aliyeuzwa kwanza. Mgonjwa aliachiwa mamake. Kwa hiyo mgeni akikusifia mtoto, unasema ni mgonjwa."

"Lakini mimi nimezaliwa kuna rais na bendera, mama. Nani angeninunua?"

"Sijui, mwanangu. Mdomo ulikuwa unakwenda wenyewe. Nilikuwa nakuficha."

Keziah alilia, na mama yake akamwacha alie. Kisha akamweleza habari za Lorine na kuuliza afanye nini. Mirriam alisema, "Sisi hatukuulizwa. Huyo ataulizwa?" Keziah akakumbuka kwamba ndivyo: kabla ya kuhamishwa, mfanyakazi huulizwa kama amekubali, na bila yeye kukubali karatasi haziendi. "Basi msemee huyo msichana," mama akasema. "Usimsemee mnunuzi."

Madam alikuja. Wanawake walisimama ukutani, na Lorine alikuwa na mfuko wake miguuni. Keziah alitoka mbele bila kuitwa, akasema kwa Kiarabu, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni: "Madam, siku ile nilidanganya. Huyu anaitwa Lorine. Si mgonjwa. Amejifunza Kiarabu chenu mwaka mmoja, na waliomfundisha walimfundisha kwa matusi. Hapa ndani ameshona nguo za wanawake wote bila kuombwa. Mwenzetu alipopata homa yeye ndiye aliyekesha naye. Ni mzuri wa sura na ana akili. Nayasema haya ili yeye ayasikie. Siyasemi ili wewe umchukue." Halafu akageuka, akarudia yote kwa Kiswahili, neno kwa neno. Karani akapiga meza. "Halas, mama! Kaa chini!" Keziah hakukaa. Karani akamgeukia Lorine na kumuuliza kama anakubali kwenda Jeddah. Waliokuwapo wanasema msichana aliinua uso kama aliyetoka majini. "Jina langu ni Lorine," alisema kwa Kiarabu. "Siendi."

Madam alikasirika, akasema hajasafiri kutoka Jeddah ili arudi mikono mitupu, akanyoosha kidole kwa Stacy. Keziah aliona kwamba Stacy akikataa atanyoshewa kidole mwingine, akaingia katikati. "Nitakuja mimi," akasema. Stacy akamvuta nguo. "Mama Rabai, umerogwa? Huko si nimekwambia?" Keziah akamjibu, "Nyinyi mlikuwa wasichana. Mimi ni mtu mzima na lugha ninaijua. Tutaona nani atamchoka mwenzake." Akadai simu yake ibaki mkononi mwake, karani akaandika hivyo, naye akaondoka jioni hiyo.

Kuhusu nyumba ya Jeddah hakupenda kusimulia mengi. Alipigwa kwa kikombe mara moja, na kovu lilibaki juu ya jicho. Kilichokumbukwa na watoto wa nyumba ile, na mmoja wao akamweleza Alfayo miaka kadhaa baadaye, ni jibu lake. Kila alipoitwa mafi mukh, Keziah aliweka chini alichoshika na kusema kwa utulivu, "Akili ninayo, madam. Na chai iko tayari." Mwanzoni alifokewa zaidi. Baadaye watoto walianza kucheka, na mama yao akiwa mezani alijikuta hana namna ya kulimaliza tusi lake. Kufikia mwaka wa pili, neno lile halikusikika tena nyumbani humo, wala kwake wala kwa mtu mwingine aliyeajiriwa. Wenzake waliuita huo muujiza wake wa kwanza. Yeye alisema alimchosha tu.

Mkataba ulipokwisha alipata kafili mwema na ikama mpya, yaani kibali cha kuishi, akakodi kitanda katika chumba cha wanawake huko Kandara, mtaa wa Jeddah. Hapo ndipo alipoanzisha desturi iliyompa jina. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, mgeni yeyote alisimamishwa katikati, na mtu anayemjua akamsifu kwa jina lake, kwa mambo ya kweli yenye ushahidi, huku wote wakisikia. Mgeni aliruhusiwa jibu moja tu: "Ndiyo." Wengi walishindwa. "Aah, mimi sijui kitu, ni Mungu tu," alisema mlinzi mmoja aliyeitwa Cliff, mwanamume wa miraba minne, akitazama viatu vyake. "Mungu tumeshamsifu kwenye wimbo," Keziah akamwambia. "Sasa ni zamu yako. Sema ndiyo." Cliff alisema ndiyo, akatoka nje akalia, na tangu siku hiyo aliacha pombe iliyokuwa ikimla. Wako waliolala tena usingizi baada ya miezi ya kukesha. Yuko mama aliyempigia mwanawe simu kutoka chumbani humo kumwambia kwamba anajivunia yeye, jambo ambalo hakuwahi kulisema tangu amzae. Waislamu wa Mombasa na Zanzibar waliokaa ghorofa ya chini walipanda pia kusikia, na Keziah aliwasimamisha katikati sawa na wengine. Aliwafundisha wote kwamba woga uliowalea haukuwa ujinga wa mama zao. Ulikuwa ulinzi wa watu wasio na silaha nyingine, nao ulifanya kazi, kwa maana watoto walibaki. Lakini hatari imekwisha badilika, na ulinzi wenyewe sasa ndio unaoumiza.

Figo zilimshinda mwaka wa 2021. Rosebellah, aliyelala kitanda cha pili chumbani humo, alikaa naye hospitalini Jeddah hadi mwisho. Alimwambia Keziah kwamba amewatendea mema watu wengi, na kwamba hakuna aliyeimba kama yeye. Keziah alifumba macho, akasema, "Ndiyo," na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Alizikwa Jeddah katika makaburi ya wasio Waislamu, Alfayo akisafiri kutoka Riyadh kuungana na wale wachache walioruhusiwa kufika.

Desturi yake inaendelea Kandara na Malaz, na imefika Nairobi, Vihiga na Rabai kwa miguu ya wale waliorudi. Tumwige katika jambo hilo, kila mtu nyumbani kwake. Mgeni akimsifu mtoto wetu, tusimfiche tena. Tuseme mema yake kwa sauti ayasikie, naye aamue mwenyewe pa kwenda. Ndivyo ilivyofanyika Rabai siku ya misa ya kumbukumbu. Lorine, ambaye sasa ana karakana yake ya ushonaji, alitoka Vihiga akasimama mbele ya kanisa lililojaa watu asiowajua, akaanza kumsifu Keziah: akili yake, uso wake mzuri, ushujaa wake. Mirriam, aliyeketi benchi la mbele, alishtuka, akanyoosha mkono akamshika Lorine nguo kumvuta chini. "Inatosha, inatosha," alinong'ona, akitazama wageni. Lorine akamgeukia. Yule bibi aliishikilia ile nguo kwa muda mrefu, kisha vidole vyake vikaachia kimoja kimoja. "Endelea, mwanangu," akasema. "Wote wasikie."