Korosho Iliyopinda Bila Shimo Jeusi

Wenzangu wa chumba cha walimu, asubuhi hii nimeshindwa na korosho mbele ya darasa zima.

Niliwaahidi wanafunzi wangu wa elimu ya watu wazima, hapa Magomeni, kuwa nitawathibitishia jinsi mvuto wa shimo jeusi la angani unavyopinda mwanga. Nikishindwa, nitafagia darasa juma zima.

Wanafunzi wanne walishika pembe za shuka, wakalikaza. Katikati nikaweka jiwe zito: hilo ndilo shimo jeusi. Kando yake nikabingirisha korosho yenye ganda: huo ndio mwanga.

Ikapinda vizuri mno. Nikatabasamu.

(Mapema mno, kama mtakavyoona.)

Mama Fatu, mkulima wa mikorosho, akainuka. "Mwalimu, hebu ondoa hilo jiwe."

Nikaliondoa. Akabingirisha korosho ileile.

Ikapinda vilevile!

"Korosho imezaliwa imepinda, mwalimu. Umesoma sana, lakini korosho hujaokota."

Darasa likaangua kicheko. Mimi nikautazama ufagio.

Ndipo Mama Fatu akafungua pindo la kanga yake, akatoa mbaazi kavu, za mviringo. Bila jiwe, zilikwenda moja kwa moja. Jiwe liliporudishwa, iliyopita mbali kidogo ikapinda; iliyopita karibu ikazama, ikatulia ubavuni mwa jiwe.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Ila aliyethibitisha si wewe."

Nikaenda kuuchukua ufagio.

Ninaandika haya ufagio ukiwa kwapani, na furaha yangu haina kasoro: mwanga umepinda. Semeni kweli, nani kati yenu angeishuku korosho?