Chuma cha Mguu wa Selpha

Selpha Ikapel ana masikio, ila huyafungua apendapo. Nasema hivi kwa upendo, maana huu ni mwaka wa kumi tunauza pamoja kando ya foleni ya malori hapa Malaba, mimi chapati, yeye maji. Madereva huipenda mitungi yake kwa usafi. Kila asubuhi hutia ndani changarawe, sabuni ya unga na maji kidogo, akatikisa mpaka mabega yamuume. "Ukisuuza tu, ule ute wa ndani unabaki," huwaambia wanaomcheka.

Miaka miwili iliyopita bodaboda ilimwangusha barabara ya Angurai, akavunjika mguu chini ya goti. Akawekwa chuma na skrubu. Aliporudi akitembea, alikiheshimu chuma kile kuliko mumewe Okwi. Kila akikanyaga tope bila kuteleza, husema, "Chuma yangu iko."

Kisha juu ya kovu pakatokea tundu dogo linalotoa usaha. Akanunua vidonge dukani, likakauka. Wiki tatu, usaha tena. Akanunua vingine, likakauka, likarudi. Mara tano! Nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka. Nilikuwa na hasira, ndiyo, lakini zaidi niliogopa. Harufu ilikuwa imeanza, naye akawa anaketi upande ambao upepo hautaniletea.

Mwishowe nilizima jiko nikampeleka hospitali mwenyewe. Daktari Rita, binti mpole, aliupiga mguu picha, akasema chuma kitolewe.

"Tukikiacha, mfupa utaoza, Mama. Hapo tutaanza kuongea mambo ya kukata mguu."

"Daktari, hiyo chuma ndio inanishikilia," Selpha akalia. "Ukitoa nitaanguka. Nipe tu dawa ya nguvu."

"Dawa haifiki. Bakteria wameng'ang'ania hiyo chuma, wakatengeneza ute na kujificha ndani yake. Vidonge vinaua wale wa nje. Ukimaliza kumeza, wale wa ndani wanazaana tena."

Selpha akaitazama mikono yake iliyopasuka kwa sabuni.

"Kwa hivyo nimekuwa nikisuuza tu," akasema.

Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa, na roho ikaniuma, maana nami nilikuwa nimemgombeza mwaka mzima bila kumwambia neno lenye msaada.

Hata hivyo bado alikuwa ameukumbatia ule mguu kwa mikono miwili. Ndipo Daktari Rita akainua picha dirishani. "Ona hapa, Mama. Hapa ndipo ulivunjika. Umeona ufa?"

"Sioni."

"Haupo. Mfupa ulishaunga, karibu mwaka sasa. Chuma ilimaliza kazi yake."

Selpha aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemficha habari hiyo. Akauachilia mguu taratibu, akaomba mahali pa kutia sahihi.

Chuma kilitolewa, mfupa ukakwanguliwa, akameza dawa wiki nyingi huku mimi nikiuza maji yake na kuchomwa na maneno ya madereva kwamba mitungi imechafuka. Wana macho, wale watu.

Juzi alirudi. Mvua ilikuwa imenyesha na tope lilikuwa la kutisha. Nikamnyooshea mkono, akaukataa. Alikanyaga mara moja, mara ya pili, mtungi begani.

"Mguu yangu iko," akasema.