Funda la Kwanza

Mama yangu hakuwa mlevi. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wa mtaa wetu wana midomo mirefu, na wale waliokunywa kwake ndio wa kwanza kusema. Jumapili alikuwa kwenye kwaya, kitambaa cheupe kichwani. Hakuwahi kujimiminia kikombe chake mwenyewe, hata siku ya ndoa ya dada yangu.

Lakini aliuza kaikpo, ile pombe kali inayoletwa Bunia kwa bidoni, madumu ya plastiki, kutoka vijijini. Na kwetu mwenye kuuza anaonja kwanza. Unamimina, unapiga funda moja mbele ya macho ya mteja, ndipo unampa kikombe. Ni heshima, na ni woga pia: hapa mtu akifa, kabla maiti haijapoa watu wanauliza alikula kwa nani. Muuzaji asiyeonja, basi sumu iko nyumbani kwake. Siye tulitoka Butembo, tulikuwa wageni, kwa hiyo mama alionja kuliko wote. Tangu asubuhi, wachimba dhahabu wa Bambu wanaposhuka kwenye pikipiki, mpaka jua lizame. Funda, kikombe. Funda, kikombe.

Kwanza alikataa chakula, akasema nyama inanuka. Halafu siku moja nilikuwa namsuka uani, akageuka kunijibu neno, nikaona macho yake ni ya njano kama kiini cha yai. Baadaye miguu ikavimba, tumbo likapanda, mikono ikabaki vijiti. Majirani wakaja kumtazama, wakanong'ona: karuho, ile sumu ya polepole, kuna mtu amemlisha.

Mambo ya kutisha yakaanza, tena mchana kweupe. Akiwa kitandani, mama alipokea wateja. Nilimsikia akisema, "Karibu papa, ikala ku benchi," akimimina kutoka bidoni isiyokuwepo. Akapeleka mkono mtupu mdomoni na kumeza, na koo lilicheza kweli. Kisha akaninyooshea mimi ule mkono, unapigapiga hewani, akangoja nipokee. Niliogopa mama yangu mwenyewe, nasema bila haya. Nilipopokea, alitabasamu kwa mtu aliyesimama nyuma yangu. Nikageuka. Chumba kilikuwa kitupu.

Nikamweka kwenye pikipiki, katikati yangu na dereva, nikampeleka hospitali bila kuwauliza wajomba zangu, waliotaka apelekwe kwa mganga wa karuho. Daktari akamgusa tumbo, akamwuliza kama anakunywa pombe.

"Sinywake, docta," mama akasema. "Naonjaka tu."

"Unaonjaka mara ngapi ku siku?"

Mama akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Mama, maini yako haiulizake kama umekunywa ao umeonja," daktari akamwambia. "Imekuwa ngumu. Hata kongosho, kile kiungo kiko nyuma ya mufuko wa chakula, kimeanza kuharibika. Hii haiko karuho. Ukiacha kabisa unaweza kuishi. Hata funda moja, hapana."

Akaacha. Dawa zikamshika, akili ikarudi, akaanza kunigombeza juu ya mboga isiyo na chumvi, nami nilifurahi kugombezwa mpaka machozi yakanitoka. Biashara nikaishika mimi. Nilimimina bila kuonja, nikawaeleza wateja wazi kwamba daktari amemkataza mama, na mimi sitaki maini yangu yafuate yake. Wakatikisa vichwa, wakasema wamesikia. Wakapokea vikombe, wakakaa navyo.

Hapo ndipo mwili unanisisimka mpaka leo. Mabenchi yamejaa, vikombe vimejaa, inzi wanazunguka, na hakuna anayekunywa. Hakuna anayeondoka pia. Hakuna anayekohoa. Muzee mmoja, mteja wetu tangu tulipofika, akatazama kikombe chake, akanitazama mimi, akatazama mlango wa chumba alimolala mama. Wote wakautazama ule mlango. Wapita njia nao wakaanza kusimama kwenye ua wetu, kimya vilevile.

"Munywe basi," nikawaambia, hasira zimenipanda. "Si munakunywaka humu miaka yote?"

"Onja kwanza, binti," yule muzee akasema kwa upole, kama anayembembeleza mtoto. "Mama yako alilishwa karuho. Chakula yake, nani anamupikiaka? Si weye?"

Niliwahi kuona mama mmoja wa sokoni akitolewa nyumbani kwake kwa neno kama hilo, na sikumwona tena. Wale wa kwenye ua walikuwa wameshasogea mpaka karibu na jiko. Nikanyoosha mkono nichukue kikombe cha mteja aliyekuwa karibu nami.

Mlango ukafunguka. Mama alitoka bila viatu, ameshikilia ukuta, tumbo mbele, macho yale. Akakifikia kikombe kabla yangu.

"Mutoto yangu hana sumu," akasema.

Nilimkamata mkono kwa nguvu zangu zote, lakini sikuweza kuuzuia. Akanywa kikombe kizima, taratibu, ili kila mtu aone. Kisha akakigeuza chini juu, hakikudondosha kitu.

Pale pale nyuso zikalegea. Mtu akacheka, mwingine akauliza habari za barabara ya Bambu. Yule muzee akasogea, akampisha mama kwenye benchi, akampa pole ya ugonjwa. Halafu akamnyooshea kikombe chake aonje, na wengine nao wakanyoosha vyao.