Hodi kwa Mvyale wa London

Baba yangu hakuipenda London mpaka siku alipoona kinyesi cha mbweha. Kilikuwa nyuma ya jengo letu, Stratford, kando ya mapipa ya taka. Alichutama, akakigeuza kwa kijiti, kisha akainua uso na kucheka kwa mara ya kwanza tangu nimlete. "Kala kuku wa watu huyu," akasema, "na mifupa hakusaza." Tangu hapo, kila baada ya sala ya alfajiri, alivaa koti langu kuukuu na kwenda kusoma nyayo kwenye majani yenye umande. Majirani walikuwa wakiniuliza kwa adabu kama mzee kapoteza kitu.

Alikuwa msasi. Kwetu, kusini mwa Unguja, wasasi huwinda kwa mbwa, mikuki na nyavu, na huenda pamoja, wanaume wa kijiji kizima, pembe ikishalia kuwaita. Wanawinda nguruwe mwitu wanaomaliza mihogo shambani, ingawa hakuna amlaye, na wanawinda paa, ambaye huliwa na supu yake ikagombewa. Baba alikuwa mkuu wao miaka mingi. Mimi nimekulia katika nyumba ambayo mama alikuwa kutwa anaosha vyombo mara saba, moja kwa udongo, kwa ajili ya mbwa wa baba, na huku anaosha anamtukana mbwa na mwenye mbwa.

Nilipokuja London nikaolewa, nikapata ukarani katika ofisi ya nyumba za kaunsili, zile za kupangisha za halmashauri ya mji. Nikiulizwa kazini baba yangu hufanya nini, nilisema mkulima. Uongo haukuwa, maana mihogo alilima. Lakini niliona haya. Nilijua picha itakayowajia vichwani nikisema baba yangu hukimbia msituni na mkuki, na sikutaka picha hiyo ikae kati yangu na wao wakati wa chai. Mama alipofariki, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikamleta baba akae nami, na haya yangu nikawa nayo ndani ya nyumba.

Miaka ile Waingereza wenyewe walikuwa wanatoana macho juu ya kuwinda mbweha kwa mbwa, wengine wanataka marufuku, wengine wanaandamana. Baba hakujua Kiingereza, lakini aliiona televisheni: mabwana na mabibi wenye makoti mekundu, juu ya farasi, mbwa kundi zima mbele yao. "Wote hawa," akaniuliza, "wanamfuata huyu wetu wa mapipani?" Nikamwambia ndiyo. Alicheka mpaka akakohoa.

Siku moja ikaja simu kutoka nyumbani. Alikuwa baba mdogo, nduguye baba, aliyeshika ukuu wa wasasi baada yake. Sauti yake haikuwa na mzaha. Jumuiya moja ya kulinda wanyama, yenye makao London, ilikuwa tayari kutoa msaada ili msitu wa kijiji chetu uhifadhiwe. Jambo zuri. Lakini katika masharti yake wameandika kwamba mtu yeyote mwenye mbwa au mkuki asiingie msituni. Kijiji kiliitwa kutuma mtu aseme neno London, katika mkutano ambao jumuiya hiyo imewaitia wawindaji wa nchi nyingi, kabla waliohudhuria hawajayapigia kura masharti. Kijiji kikamchagua yeye, na yeye kanyimwa viza.

"Kaka, weye uko hukohuko," akasema. "Wakipitisha hili, nguruwe watakula mihogo yetu mpaka mlangoni, na atakayepiga pembe atapelekwa mahakamani. Tusemee."

Baba akajibu, "Nitasema." Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimemshikia simu. "Na wewe utanisemea kwa lugha yao."

Mkutano ulikuwa Jumamosi asubuhi, katika ukumbi nyuma ya Edgware Road. Baba alivaa kanzu, koti, kofia ya mkono, na chini raba nyeupe za sokoni, maana viatu vingine vilimbana. Ndani ya treni watu walimtazama yeye, na mimi nikasoma matangazo ya ukutani kama mwenye mtihani kesho.

Ukumbini kulikuwa na wawindaji wa nchi nyingi, na asubuhi nzima walibishana juu ya mbwa mwitu wa nchi za baridi. Mfuga kondoo mmoja kutoka milima ya Ulaya, mwenye mikono mipana, alisema wanyama hao wapigwe risasi wote, wamemtia hasara. Bibi mmoja akasema wasiguswe hata mmoja. Kisha akasimama mwanamume wa kabila la wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, nywele zake kazisuka mkia mmoja mgongoni. Alisema wazee wao walitia saini mkataba na serikali kwamba watawinda katika ardhi yao siku zote, na sasa upande mmoja unawaambia ueni, upande wa pili unawaambia msiguse. Wakapigiwa makofi mafupi wote watatu, na kila mmoja akarudi kukaa na hasira zake.

Mimi nilikuwa namnong'onezea baba.

"Huyo mbwa mwitu kosa lake nini?" akaniuliza.

"Anakula kondoo."

"Kondoo nani anawachunga?"

"Wanaachwa mlimani, baba."

Akafyonya, fyonyo refu la Kiunguja, watu wa mstari wa mbele wakageuka. "Basi kesi imekwisha," akasema. Nikamwomba anyamaze.

Mwenyekiti, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alituita mwisho kabisa, watu wameshachoka. Akatangaza sharti la msitu wetu, akasema kutakuwa na dakika chache za kumsikiliza mwakilishi wa kijiji, halafu kura. Tukasimama mbele, baba na mimi.

Baba akaanza kwa sauti yake ya shambani. "Kabla sijasema langu, nataka kumjua mvyale wa hapa ni nani, nipige hodi kwake. Mimi mgeni. Siwezi kusema habari za kuwinda juu ya ardhi ya mtu bila ya ruhusa yake. Akinikaribisha nitasema, asiponikaribisha nitakwenda zangu."

Mvyale, kwetu, ni mwenye asili ya mahali, mtu wa ukoo uliofyeka pale mwanzo. Hakuna msasi anayeingia msituni bila kumwendea. Yeye ndiye hufungua msitu na kuufunga. Nililijua hilo tangu utotoni kama nilijuavyo jina langu, na nilijua pia kwamba mbele ya watu wale litaonekana kichekesho. Nikafumba macho, nikasema kwa Kiingereza, "Baba yangu anawasalimu nyote na anashukuru kualikwa."

Baba hakuendelea. Akanitazama. "Mbona fupi?"

"Ndiyo hivyo, baba. Endelea."

"Mimi nimetoa maneno mengi, wewe umetema mate tu. Neno langu umelipeleka wapi?"

Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Hapa hakuna mvyale, baba. Watakucheka."

"Wacha wanicheke! Kwani nimekuja kuposa?" Hakushusha sauti hata kidogo. "Msasi asiyepiga hodi ni mwizi. Unataka nisimame mbele ya watu hawa mwizi? Mkataa kwao mtumwa, mwanangu. Rudi ulipokosea. Sema lote."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kwanza nilimkasirikia yeye, na raba zake, na fyonyo lake. Kisha nikaikumbuka sauti ya baba mdogo kwenye simu, "Tusemee," na hasira ikanigeukia mwenyewe. Kijiji kizima kilikuwa kinangoja kinywa changu, na mimi nimekifunga kwa kuona haya. Nikamgeukia mwenyekiti, nikasema, "Samahani. Sikutafsiri alichosema. Natafsiri sasa." Nikasema lote, mvyale na hodi na ruhusa na kwenda zake.

Wakacheka. Si kwa ubaya, lakini walicheka. Mwenyekiti akatabasamu, akasema mzee aendelee tu. Nikamfasiria, na baba akafunga mikono kifuani. Haendelei. Mmoja akapaza sauti kwa mzaha kwamba basi aulizwe mwenye funguo za ukumbi.

Nilimfasiria baba hilo nalo, maana nilishaapa sifichi tena. "Ndiyo!" akasema. "Huyohuyo. Yuko wapi?"

Mwenye funguo alikuwa nyuma kabisa, anapanga vikombe vya chai mezani. Mwanamume wa makamo, Mkongo wa mashariki, nilikuja kujua baadaye kuwa anaishi Peckham na Jumapili huimba kwaya. Aliweka kikombe chini, akajifuta mikono.

"Karibu, papa!" akaita kwa Kiswahili chake. "Funguo njo ziko na mimi. Sema tu, hakuna shida!"

"Ahsante, mwanangu," baba akajibu, akamwinamishia kichwa.

Kicheko kikakatika. Hapo yule mwindaji mwenye mkia wa nywele akasimama, hakuitwa na mtu. "Kwetu pia ndivyo tunavyofanya," akasema. "Tunamwuliza mwenye ardhi kwanza. Tangu asubuhi tumegombana hapa nani ana haki ya kuwinda wapi, na huyu mzee ndiye wa kwanza kuomba ruhusa. Mimi mwenyewe nilisahau. Nataka kumsikia."

Nikamfasiria, na baba akasema yake.

Alisema mvyale hufunga msitu wakati paa wanazaa. Alisema upande uliowindwa mwaka huu hupumzishwa. Alisema anayempiga jike mwenye mimba hunyimwa fungu lake, na mbwa wake hufungwa msimu mzima, na kwamba yeye mwenyewe alipata kumhukumu hivyo nduguye wa tumbo moja. Kisha akaja kwa chui. "Kisiwa chetu kilikuwa na chui. Alikula mbuzi wetu na tuliishi naye. Wakaja watu na bunduki, hawakupiga hodi kwa mtu, wakasema chui ni mbaya, auawe kila mahali. Leo hatumwoni. Hakumalizwa na mkuki wangu. Kamalizwa na amri ya wasiomwuliza mtu. Na nyinyi mmeandika amri, na mvyale wetu hamjamwuliza. Mkitaka kuulinda msitu, njooni mpige hodi. Tutawakaribisha."

Nilifasiri kila neno, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyojua kuwa ninayo. Sikuwa nazitazama raba.

Mwenyekiti akavaa miwani. Mfuga kondoo akauliza kama sharti linaweza kubadilishwa, kanuni za msitu zitungwe pamoja na wasasi na mvyale wao. Mwenye mkia wa nywele akaunga mkono. Ikaitishwa kura, na mikono ikainuka, mmoja baada ya mmoja, halafu mingi kwa pamoja, na ule mpana wa mfuga kondoo ulikuwa juu kuliko yote. Huko nyuma mwenye funguo naye kainua wake, ingawa hana kura. Mwenyekiti akachukua kalamu, akaukata ule mstari wa mbwa na mkuki.

"Wanasemaje?" baba akaniuliza.

"Tumeshinda, baba." Nikalia palepale mbele za watu, na sikujali.

Kesho yake, Jumapili, nikanunua kadi ya simu, tukampigia baba mdogo. Baba akamwambia kwa ufupi, kama anavyosimulia mawindo. Nikadhani laini imekatika. Kumbe baba mdogo kaenda kuchukua pembe. Ikalia ndani ya simu, ndefu, mara tatu, na nyuma yake mbwa wakaanza kubweka, kisha kelele za watu. Baba alikuwa amekaa kwenye kochi. Pembe ikilia msasi hakai. Akainuka, akasimama wima katikati ya sebule ya kaunsili, na machozi yakimtoka hakuyafuta.

Mchana nilipika pilau ya nyama ya mbuzi. Nilipotaka kupakua, baba akaninyang'anya upawa. Kwa wasasi mkuu ndiye anayegawa, na fungu la kwanza ni la aliyemtoa mnyama kichakani, kwa sababu aliyemchoma mkuki sifa anazo tayari. Kwa umri wake wote hakupata kumpa mwanamke fungu hilo. Akachagua paja lenye mafuta, akaliweka kwenye sahani, akaisukuma mbele yangu.

"La aliyemtoa," akasema.

"Aliyemtoa ni wewe, baba."

"Mimi nilipiga kelele kwa lugha yangu, hakuna aliyesikia. Kula."

Nikala mpaka mfupa.

Jumatatu kazini, mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama kawaida yake, yule mzee wangu mkulima hajambo? Nikamwambia hajambo, na si mkulima. Nikavuta kiti, nikamweleza baba yangu ni nani, mpaka chai yake ikapoa.