Mkono wa Cherehani Uliopigwa Bandi

Saa mbili asubuhi, fundi mstaafu wa mabasi ameinama juu ya mashine yake ndogo ya kuchonga chuma, pua inakaribia kugusa kazi. Chumba hiki zamani kilikuwa stoo. Mbele yake kuna kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole kidogo. Kinahitaji tundu moja la milimita mbili, basi.

"Tundu moja tu," anasema, "na limenizeesha kuliko injini zote nilizowahi kufungua."

Majirani humwita Fundi Taratibu. Kipande hicho ni mkono wa kuvutia uzi wa cherehani ya mkewe, cherehani iliyolisha nyumba hii miaka ishirini na sita na kusomesha mabinti watatu. Mkono wa zamani ulikatika wiki tatu zilizopita, na madukani haupatikani tena. Cherehani yenyewe ni kongwe kuliko wauzaji. Mkewe ana sare sitini za shule za kukabidhi Jumatatu. Akichelewa, kazi hiyo atapewa mshonaji mwingine.

Kwa hiyo mzee akachonga mpya kwa tupa, siku tisa nzima. Umbo lake limepinda kila upande, halina ubavu hata mmoja ulionyooka. Kila alipoubana kwenye meno ya jiliwa, uliteleza. Uvumilivu ukamwishia, akaushika kwa koleo mkononi, yeye aliyewakaripia wanagenzi miaka thelathini kwa kosa hilohilo.

Kekee ya kutobolea iliukamata, ukazunguka kama pia, ukampiga dole gumba na kutokomea chini ya kabati.

"Nilimkuta amelala kifudifudi na tochi," mkewe anasimulia, akicheka mpaka anajifuta macho. "Nikamwambia, mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Ulipatikana umevunjika. Akachonga wa pili, siku nyingine sita. Chuma cha aina ile kilikuwa kimekwisha. Ukiharibika huu, hakuna wa tatu kabla ya Jumatatu. Siku mbili aliuzunguka bila kuugusa, na hafichi kwamba ulikuwa woga mtupu.

Aliyechoka kumtazama ni mkewe.

"Baba watoto, hata hariri inateleza," alimwambia. "Mimi siikabi. Naipiga bandi kwenye karatasi, mishono ya muda tu, nashona, halafu nafumua. Wewe huna cha kuupigia bandi?"

Alikuwa nacho: gundi kali ya kichupa.

Leo mkono umegandishwa juu ya pande nene la alumini, na jiliwa linabana pande hilo, si mkono wenyewe. Fundi anadondosha mafuta ya cherehani, anashusha kekee kidogo, anaipandisha, anaishusha tena. Mkewe amesimama mlangoni, kiganja mdomoni. Mwandishi wa makala haya naye anasogea kando asimzibie mwanga.

Unatoka unga wa chuma mweusi, kisha unga wa alumini unaong'aa. Tundu limepenya, na mkono haujasogea hata unywele.

Kilichobaki ni kufumua: pande lichemshwe mpaka gundi iachie.

"Si kwenye sufuria yangu ya chai," mkewe anaonya. Linatafutwa kopo tupu la maziwa.

Kufikia saa nne, cherehani inalia tena. Mshonaji anajifuta macho, na safari hii si kwa kicheko. "Nilishaanza kuzoea nyumba kuwa kimya," anasema. "Sikupenda kabisa."

Washonaji wanne wa mtaani wenye cherehani kongwe wameshaulizia vipuri, na Fundi Taratibu anataka kuwachongea wote. Ubao wa kutundika mlangoni anao tayari. Ameandika kwa chaki jina lake, na chini yake: vipuri vidogo vya cherehani.

"Ongeza na langu," mkewe anasema bila kuondoa mguu kwenye kanyagio. "Bandi ni yangu."

Mzee anafuta ubao wote kwa kiganja, anaanza upya. La mkewe linatangulia.